Awa Buanali na Mikorosho ya Mwenzake

Awa Buanali alikuwa msokota kamba wa Nchangani, kijiji kidogo cha pwani upande wa kusini wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Mumewe alikufa mapema na kumwachia binti mmoja, Cadija. Mali aliyokuwa nayo aliirithi kwa mama yake: minazi iliyoanzia nyuma ya nyumba mpaka karibu na mikoko, nyumba ya udongo yenye mlango mzuri wa mbao, na mashimo kwenye tope la mkondo ambamo makumbi ya nazi hufukiwa mpaka yalainike. Makumbi yakishaiva hufukuliwa, hupondwa, hukaushwa, na usumba wake husokotwa kamba. Wavuvi walizipenda kamba za Awa kwa sababu hazikuwa na mafundo ya kuficha.

Kwa watu wa huko, mti ni wa aliyeupanda. Ardhi inaweza kuwa ya ukoo wa fulani, lakini ukimruhusu mtu apande mnazi, umeshampa mahali. Hata akifa, watoto wake watakuja kuangua. Kwa hiyo mgeni akiomba sehemu ya kulima muhogo hupewa bila taabu, bali akiomba kupanda mti huulizwa maswali mengi. Awa alizijua kanuni hizi na hakuzifanyia mzaha. Aliwahi kumfikisha jirani yake Dauto mbele ya jumbe kwa sababu ya mbuzi waliotafuna miche yake. Alishinda, na siku ya pili yake akampelekea Dauto mchuzi wa samaki, lakini aliendelea kuwafukuza mbuzi wake kwa mawe. Watu walisema ni mwanamke mgumu. Yeye alisema anataka kila kitu kiwe mahali pake.

Vita vya kupigania uhuru vilipoanza bara, upande wa Wamakonde, watu wa Nchangani walisikia habari zake kwa wasafiri. Baadaye barabara ikatiwa mabomu, tropa, askari wa Kireno, wakajaa Palma, na baadhi ya vijana wakavuka Ruvuma bila kuaga. Waliobaki waliendelea na uvuvi na nazi zao, na walichunga ndimi zao.

Katika kipupwe cha mwaka 1967, shefe wa posto, mkuu wa Kireno wa eneo lile, alifika kijijini na tropa na mkalimani wake, Inácio. Huyu Inácio alikuwa Mmakua aliyesomeshwa misheni, na Kiswahili chake alikipata sokoni. Watu walikusanywa uwanjani mbele ya msikiti. Shefe alisema kwa muda mrefu, na Inácio akafupisha.

"Serikali inataka kiwanja cha ndege. Kitapita hapa. Nyote mtahamia Namalala, kwenye aldeamento, kijiji kipya ndani ya waya. Huko tropa watawalinda."

Hakuna aliyeuliza watalindwa dhidi ya nani. Awa alisimama.

"Na minazi yetu?"

Inácio akatafsiri, akasikiliza jibu. "Shefe anasema ardhi ni ya Serikali. Lakini mwenye miti atapewa mabati ya kuezekea nyumba mpya."

"Mnazi unanilisha kila mwezi. Bati litanilisha nini?"

Hilo Inácio hakulitafsiri. Alimtazama tu, kama mtu anayemwomba mwenzake apunguze mwendo.

"Basi muulize kuhusu makumbi," Awa akasema. "Yamo kwenye tope, hayajaiva."

Inácio hakulijua neno hilo kwa Kireno. Akaonyesha kwa mikono jinsi nazi inavyofuliwa na kile kinachobaki. Shefe alipofahamu, alicheka kidogo na kusema Serikali hailipi maganda.

"Amesema hayo hayamo, Bi Awa."

"Basi aniruhusu nirudi kuyafukua yakiiva."

"Ukishaingia kule hutoki bila karatasi ya posto."

"Anipe karatasi."

Shefe alikuwa ameshageuka kuzungumza na tropa. Inácio akashusha sauti. "Kaa kwanza, mama. Leo si siku yake."

Awa akakaa. Baadaye alisema kuwa Inácio hakumdharau siku ile. Alimzuia tu asiumie.

Katapila lilifika kwa bahari, likashushwa maji yalipojaa. Awa na Cadija walikuwa wameshafukua makumbi yao machanga, wakayaponda, na usumba ukatoka mfupi na mgumu, haufai ila kujazia godoro. Waling'oa mlango wao na kuufunga kwa kamba tayari kubebwa. Kisha wakakaa kando na kutazama minazi ikiangushwa. Ilianguka upesi kuliko alivyodhani. Kwa siku kadhaa kijiji kizima kilikula shaha, ule moyo mweupe wa kilele cha mnazi ambao huupati mpaka umeua mti wenyewe. Ni chakula kitamu, na watoto walifurahi. Awa alikula wa minazi yake mwenyewe. Wa wenzake hakuugusa.

Namalala ilikuwa juu kidogo, ng'ambo ya mkondo. Waya wa miba ulizungushwa pande zote, na ndani yake vigingi vilipigwa kwa mistari iliyonyooka. Kila familia ilionyeshwa vigingi vyake na kuambiwa ijenge haraka kabla ya mvua. Kwenye kiwanja cha Awa ilisimama mikorosho miwili mikubwa, na mmoja ulikuwa katikati kabisa, pale ambapo nyumba ingekaa.

Sipai, askari wa posto aliyekuwa akisimamia, akamwambia, "Ukate huo. Kuni pia utapata."

"Ni wa nani?"

"Wa Serikali."

Awa akatazama chini. Chini ya mikorosho palikuwa pamefagiliwa. Mtu hufagia pale ili korosho zikianguka zionekane, na mikorosho ilikuwa imeanza tu kutoa maua. Kwa hiyo mtu alikuwa ameshajitayarisha kwa mavuno, na mtu huyo hakuwa Serikali. Kwenye viwanja vya jirani watu walikuwa wameshaanza kukata. Dauto, yule wa mbuzi, aliangusha mikorosho yote ya kiwanja chake asubuhi moja, akaitumia mingine kwa boriti.

Awa aliuliza huku na huku mpaka akaambiwa mwenye shamba ni Cassamo, na kwamba hakwenda mbali. Na kweli, alimkuta ndani ya waya uleule, mstari wa mwisho karibu na lango. Naye alikuwa amebomolewa nyumba yake iliyokuwa katikati ya mikorosho, akapewa kiwanja chenye vigingi kama wengine wote. Alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, mtu mrefu mwenye mvi chache, na mkewe Zainabo alikuwa akikandika ukuta. Awa akapiga hodi ingawa mlango haukuwapo.

"Karibu," Zainabo akasema, bila kuacha kazi.

"Naitwa Awa, mama wa Cadija. Nimetoka Nchangani. Nimepewa kiwanja chenye mikorosho yako miwili."

Cassamo akamtazama. "Umekuja kuniambia umeikata?"

"Sijaikata. Nimekuja kuomba mahali."

"Wameshakupa."

"Wamenipa wao. Wewe hujanipa."

"Na nikikataa, utalala wapi?"

"Nilipolala jana. Kwenye mkeka, mlango wangu nimeuegemeza kwenye mkorosho."

"Mmekuja wengi," Cassamo akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Sasa unataka nikushukuru kwa sababu umeuliza?"

"Sitaki shukrani. Nataka kujua najenga kwa nani."

Hakupata jibu siku ile. Alirudi kwenye kiwanja chake, na kwa siku zilizofuata hakuchimba hata shimo la nguzo. Sipai akaja kumgombeza, akatishia kumpeleka posto. Wanawake wa Nchangani wakamwambia anajifanya bora kuliko wao. Cadija, aliyekuwa msichana mkubwa na aliyechoka kulala nje, alimuuliza mama yake kama ana nia ya kuwatia wote taabani. Awa akamjibu, "Walipotuondoa sisi, ulitaka waulize. Mimi nauliza."

Hatimaye Cassamo alikuja na Zainabo, akasimama chini ya mkorosho wake na kuyasema masharti waziwazi, mbele ya majirani. Mikorosho isikatwe, wala tawi lisikatwe bila ruhusa yake. Korosho zote ni zake. Mabibo yakianguka, Awa na bintiye wanaweza kula. Nyumba iwekwe kando ya mti, si mahali pake. Vita vikiisha na yeye akihitaji shamba lake, Awa ataondoka na miti yake ya kujengea na mlango wake.

"Nimekubali," Awa akasema. "Na kama nikipanda mnazi mmoja, wa kupata makumbi?"

"Hapana."

"Mmoja tu."

"Mama Cadija, wewe unajua mnazi ni nini. Hapana."

Awa alijua. Angekuwa yeye, angejibu vilevile. Akakubali, na yeye, msokota kamba, akaishi miaka ile yote bila mnazi wake mwenyewe, akinunua makumbi kwa watu waliopewa karatasi za kutoka.

Alijenga nyumba nyembamba yenye pembe moja iliyokatika ili kuukwepa mti. Sipai aliikasirikia kwa sababu haikunyooka na mstari, lakini mvua zilikuwa karibu, akaiacha. Familia chache zilimwiga, zikaenda kwa Cassamo na kukubaliana naye. Dauto hakwenda. "Mimi sikumnyang'anya mtu," alisema. "Waliomnyang'anya wana bunduki. Awaendee hao."

Mabati yakaja kabla ya mvua. Watu wa Nchangani waliitwa langoni wakapewa, si kwa idadi ya minazi bali kwa nyumba, kila nyumba sawa, aliyekuwa na shamba kubwa na aliyekuwa na mnazi wa uani. Manung'uniko yalikuwa mengi. Lakini Awa aliona jambo jingine: Cassamo hakuitwa. Akamwendea.

"Kwa nini hukupewa?"

"Sijui."

"Twende tukaulize."

Zainabo akasema, "Msiende. Wakati huu si wa kuuliza." Cassamo mwenyewe alisitasita. Awa ndiye aliyeshikilia. Aliamini kuwa makosa ni ya karani tu, na kwamba jambo likielezwa vizuri litaeleweka, kama lilivyoeleweka zamani lile la mbuzi mbele ya jumbe.

Kwenye posto, kando ya lango, walimkuta shefe barazani na Inácio pembeni yake. Awa akaeleza. Inácio akatafsiri kwa uangalifu. Shefe hakuonyesha hasira. Alisema mabati ni ya waliohamishwa, na huyu hakuhamishwa. Aliishi Namalala, na bado anaishi Namalala. Angepaswa kushukuru kwamba yeye yuko kwao.

Inácio alipomaliza, Cassamo akasema kwa sauti ya kawaida, "Ni kweli mimi sikuhama. Shamba ndilo lililohamishwa, likaniacha mimi."

Inácio akasita. Shefe akamuuliza kitu, na Inácio akalazimika kuyasema maneno hayo kwa Kireno. Shefe akamtazama Cassamo kwa makini, kama ndiyo kwanza amwone. Akauliza nani amemfundisha kusema hivyo. Akauliza kama ana ndugu ng'ambo ya Ruvuma. Cassamo alikuwa na mdogo wake Mikindani, kama ambavyo nusu ya watu wa pwani ile walikuwa na mtu Mikindani au Lindi. Hakuficha. Shefe akaita tropa wawili.

"Wewe nenda nyumbani, mama," Inácio akamwambia Awa. "Nenda sasa hivi."

Cassamo alikaa kizuizini mavuno yote ya korosho. Awa alikwenda mwenyewe kumwambia Zainabo, hakutuma mtu. Zainabo alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani. Tangu siku ile hakumsemesha. Awa hakujitetea kwa yeyote. Kila asubuhi yeye na Cadija waliokota korosho chini ya mikorosho miwili ya kiwanja chao na chini ya mikorosho iliyobaki kwa wengine, wakizuia watoto na wapita njia, na kila jioni walipeleka kikapu mlangoni kwa Zainabo. Zainabo alikipokea kikapu, akakirudisha kitupu. Cadija aliona ni adhabu isiyokwisha. Mama yake alisema si adhabu, ni kazi, na korosho ni za wenyewe.

Cassamo aliporudi alikuwa amekonda, na sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena. Hakueleza yaliyompata, wala watu hawakumuuliza. Awa alimpelekea sehemu ya mabati yake, akisaidiwa na Cadija kubeba. Cassamo alikuwa shamba, Zainabo peke yake nyumbani.

"Sitaki," Zainabo akasema. Ndilo neno lake la kwanza kwa miezi kadhaa.

"Nayaweka hapa ukutani. Ukitaka uyatumie, usipotaka yaoze."

Mabati yaliegemea ukuta ule mpaka mvua kubwa za mwaka mpya zilipoanza kuvuja juu ya kitanda. Siku moja Awa alipita akayaona yako juu ya paa, yamebanwa kwa mawe. Baada ya muda Zainabo akaanza kuitikia salamu yake, kwanza kwa ufupi, kisha kama kawaida. Hawakuwa marafiki, lakini Cadija, ambaye mumewe alikuwa amevuka Ruvuma, alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Zainabo ndiye aliyekaa naye.

Miaka ilikwenda hivyo, ndani ya waya. Ndege zilishuka Nchangani na kupaa. Watu walilima karibu na uzio kwa saa walizoruhusiwa, wakala muhogo zaidi ya zamani na samaki kidogo. Inácio alihamishwa, akaja mkalimani mwingine.

Mwaka 1974, tangazo la kusimamisha vita lilipofika, hakuna aliyengoja kuambiwa. Waya ulikatwa, ukagawanywa kwa nyua za kuku. Awa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kwenda Nchangani. Alikuta uwanja mrefu wa udongo ulioshindiliwa, mgumu kama sakafu. Msikiti ulikuwa umebaki kando, bila paa. Mahali pa nyumba yake hapakujulikana. Kwenye tope la mkondo aliyatafuta mashimo yake ya makumbi, akayapata mawili.

Alikwenda ofisini Palma kuonana na afisa mpya, kijana aliyetoka vitani, mpole, aliyempa kiti.

"Mama, uwanja utabaki," alimwambia. "Nchi itauhitaji. Waliowanyang'anya wameshaondoka."

"Wameondoka, lakini uwanja hawakuondoka nao," Awa akasema. "Anayeutumia sasa ndiye ninayemwuliza."

Kijana alisema hana jibu, na kwamba atalipeleka suala hilo kwa wakubwa. Awa alimshukuru kwa kutomdanganya. Jibu halikuja, ingawa aliliulizia kila alipofika Palma kwa mauzo, kwake na kwa waliomfuatia.

Namalala nako mambo yalikuwa yameanza kuchacha. Cassamo alitaka shamba lake. Waliokubaliana naye walijua la kufanya. Dauto alikataa. Alisema hapo alipo hapana mkorosho hata mmoja, basi atajuaje kuwa ni pa Cassamo? Yeye amejenga, amelima, na hana pa kurudi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na kila mtu aliliona. Shauri likaletwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, na Awa akaitwa kueleza alichokikuta siku ya kwanza.

Alieleza kuwa mikorosho ilikuwapo, kwamba chini yake palifagiliwa, na kwamba Dauto aliikata asubuhi moja.

"Wewe ni mtu wa Nchangani," Dauto akamwambia. "Umenyang'anywa kama mimi. Unasimama upande gani?"

"Nimenyang'anywa kama wewe," Awa akasema. "Ndiyo maana naijua sura ya unyang'anyi."

Wazee walichukua siku nyingi. Mwishowe walisema Dauto abaki kwenye nyumba yake na ua wake, lakini sehemu iliyobaki airudishe, na apande kwa mkono wake mikorosho badala ya ile aliyoikata, aitunze mpaka izae, kisha iwe ya Cassamo. Dauto aliona ameonewa. Cassamo pia aliona ameonewa, kwa kuwa mkorosho hauzai kesho na yeye alikuwa anazeeka. Dauto hakumsalimu Awa kwa muda mrefu, lakini miche aliipanda.

Awa mwenyewe hakungoja kuambiwa. Alibomoa nyumba yake yenye pembe iliyokatika, akafunga nguzo pamoja, akaenda kwa Cassamo kumwambia kiwanja ki wazi. Ilibidi akae upande wa sikio lake zima.

"Unakwenda wapi?" Cassamo akamuuliza.

"Kwa mashemeji zangu, Palma. Cadija na mtoto watanifuata."

Zainabo, aliyekuwa akipepeta mchele, akasema bila kuinua macho, "Kule chini ya mteremko chumvi ni nyingi. Korosho hazitaki pale."

Cassamo akamtazama mkewe. Yaelekea walikuwa wameshazungumza. "Ni kipande kidogo," alimwambia Awa. "Kinafika kwenye mkondo. Kama utakitaka, kichukue, na panda unachotaka."

Awa akasema, "Nitakichukua mbele ya watu. Na ndugu yako wa Mikindani apelekewe habari, asije kesho akasema hakujua."

"Atapelekewa."

Walingoja wiki kadhaa mpaka habari zikaenda Mikindani na kurudi. Muda wote huo nguzo za Awa zilikaa zimefungwa uani kwa Zainabo, na yeye na Cadija na mtoto walilala chini ya mabati yale waliyoyaleta kwa mikono yao. Ndugu yake Cassamo alijibu kuwa hana neno. Ndipo mashahidi wakaitwa kutoka Namalala na wengine wa Nchangani, mipaka ikaonyeshwa kwa miguu, na Awa akaanza kuchimba mashimo ya nguzo.